Dawa ya magugu ya kabla ya mahindi kuota: misimu mitatu nimeitumia Mbozi, haya ndo niliyoyaona

Msimu uliopita mahindi yangu yamefika magotini sijashika jembe la palizi hata siku moja, na mimi nimepalilia kwa mkono tangu niko darasa la nne, mgongo wangu unaijua hiyo kazi vizuri, kwahiyo mnivumilie nikiongea kwa hisia. Niko Mbozi, mkoa wa Songwe, nalima heka mbili na nusu za mahindi kila mwaka pembeni ya kahawa ya familia, mbegu natumia UH6303, chotara ya kituo cha utafiti cha Uyole, mvua zetu zinaanza Novemba, na ukishapanda tu ndani ya wiki mbili shamba linakuwa kijani lote, hujui hindi ni lipi na gugu ni lipi.

Dawa ninayoizungumzia ni ile ya kupiga kwenye udongo baada ya kupanda, kabla mahindi hayajatoka na magugu hayajatoka. Ina viambata viwili kwa pamoja, atrazini na S-metolaklori. Madukani iko ya kampuni zaidi ya moja na majina ya mbele yanatofautiana, kwahiyo usikariri jina wala rangi ya kopo, geuza kopo usome pale kwenye viambata. Yangu iliandikwa S-metolaklori gramu 290 na atrazini gramu 370 kwa kila lita. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima kwa sababu ya maharage na ndago, nitafika huko.

Kwanza nieleze inavyofanya kazi maana hapa ndipo watu wengi tunakosea, na mimi nilikosea msimu mzima. Sisi tumezoea dawa ya magugu ni ile unapiga kwenye majani, siku ya tatu yananyauka, siku ya kumi yamekauka, umeridhika. Hii siyo hivyo kabisa. Hii haina shida na jani, kazi yake iko ndani ya udongo, pale juu juu sentimita chache ambako mbegu za magugu zinaotea. S-metolaklori inawahi nyasi, chipukizi likiwa linapanda kutafuta mwanga linapita kwenye tabaka lenye dawa linainyonya na kuishia humohumo chini. Atrazini yenyewe inanyonywa na mizizi, inahangaika zaidi na magugu ya majani mapana, mchicha pori, vishona nguo na ndugu zao, haya unaweza kuyaona yametoka kabisa ukadhani dawa imefeli, kumbe ukiyaacha siku kadhaa yanaanza njano pembeni mwa majani halafu yanakauka, kwasababu atrazini inazuia mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga. Hindi lenyewe lina uwezo wa kuivunjavunja atrazini ndani ya mwili wake ndiyo maana linabaki salama. Maharage hayana huo uwezo, hilo shika kabisa.

Sasa kama dawa inafanyia kazi ndani ya udongo maana yake lazima iingie kwenye udongo, na kinachoiingiza ni maji. Hakuna mvua, hakuna dawa. Ningeambiwa hii sentensi moja 2022 ningeokoa hela.

Msimu wangu wa kwanza, 2022/23. Nilisikia kwa shemeji yangu kwamba kuna dawa unapiga mara moja unalala, nikaenda duka moja la pembejeo nikanunua lita mbili, muuzaji akaniambia "mama weka vifuniko vinne kila bomba la kupulizia, piga tu", hakuniuliza shamba ni heka ngapi, hakuniuliza nimepanda lini wala kama nimechanganya na maharage, wala hakunifungulia lebo. Shamba nilikuwa nimelima kwa ng'ombe mara moja, madongoa makubwa kama vichwa vya watoto, juu pakavu. Nikapiga siku ya pili baada ya kupanda, jua kali saa sita mchana, halafu mvua ikakata siku kumi na mbili. Mvua iliporudi magugu yakaja yote kwa pamoja kama yameitwa kwenye mkutano, hasa kwenye yale madongoa, maana dawa ilikaa upande wa juu wa dongoa, dongoa likapasuka kwa mvua udongo wa ndani ambao haujaguswa ukatoka na mbegu zake. Nikapalilia mara mbili kama kawaida. Nikaenda kumgombeza yule muuzaji kwamba kaniuzia feki.

Nimemgombeza bure kwenye ubora wa dawa, lakini kwenye maelezo aliyonipa kosa lilikuwa lake na nalisema mpaka leo. Mtu anauza kemikali, anauzia mama wa kijijini anayekwenda kuipiga na mtoto mgongoni, halafu maelezo yote ni vifuniko vinne? Kifuniko cha kopo gani, bomba la lita ngapi, kwa heka ngapi? Hii tabia inatuumiza.

Bwana shamba wetu ndiye alinikalisha chini. Akaniambia mama hiyo dawa ni nzuri ila inataka vitu vitatu, udongo laini, udongo wenye unyevu, na kipimo sahihi, ukikosa kimoja umemwaga hela. Akanionyesha na jinsi ya kupima bomba, hiki kipengele naomba nikae nacho kidogo kwasababu sijaona mtu kijijini kwetu anakifanya na ndicho kilichobadilisha kila kitu kwangu.

Unachukua kamba, unapima kipande cha mita kumi kwa mita kumi shambani kwako mwenyewe, siyo barabarani, maana shambani mwendo ni tofauti. Unaweka maji matupu kwenye bomba, mimi niliweka lita tano. Unapiga kile kipande chote kwa mwendo wako wa kila siku, nozeli, ile ncha inayotawanya maji, ikiwa juu ya ardhi kama nusu mita, halafu maji yaliyobaki unayamwaga kwenye jagi lenye namba. Yangu yalibaki lita tatu, kwahiyo nilitumia lita mbili. Heka moja ina vipande kama hicho arobaini na ushee kidogo, mbili mara arobaini ni lita themanini, bomba langu ni la lita 16, mabomba matano kwa heka. Dozi niliyokuwa natumia mimi ni lita moja na nusu ya dawa kwa heka kufuatana na lebo yangu, gawanya kwa mabomba matano unapata mililita 300 kila bomba. Basi. Hakuna kifuniko hapo. Msimu wa kwanza nilikuwa napiga mabomba matatu tu kwa heka na vile vifuniko vinne vidogo, yaani sikufika hata nusu ya dozi, halafu nalalamika.

Wewe mwenzangu usichukue hizo namba zangu ukaenda nazo shambani kwako, mwendo wako siyo wangu, nozeli yako siyo yangu, na lebo ya kopo lako inaweza kusema dozi nyingine kufuatana na uzito wa udongo. Udongo wa kichanga unataka kidogo, wa mfinyanzi au wenye mboji nyingi unataka zaidi kwasababu unaishikilia dawa. Pima mwenyewe, ni kazi ya nusu saa.

Na nozeli jamani. Bomba nyingi zinakuja na ile nozeli inayotoa maji duara kama mwavuli, hiyo ni ya kupiga wadudu. Kwa dawa ya udongo tafuta ya feni, inayotoa maji bapa kama ufagio, inalaza dawa sawasawa ardhini. Ni kitu kidogo cha hela kidogo na kinatoa tofauti unaiona kwa macho, ile michirizi ya magugu kati ya njia zako za kupita inaisha.

Msimu wa pili, 2023/24, ule wa El Niño, mvua ilikuwa nyingi. Nikalima mapema kwa trekta ya kukodi nikapiga na haro, ile ya kuvunja madongoa, mara mbili mpaka udongo ukawa laini, nikapanda mbegu ndani kama sentimita tano, nikasubiri mvua ilowe vizuri, nikapiga dawa kesho yake asubuhi saa kumi na mbili na nusu kabla upepo haujaanza, udongo ukiwa bado umelowa. Nikatembea kinyumenyume ili nisikanyage nilipopiga na nisipite ndani ya dawa. Usiku wa siku ya tatu ikanyesha mvua ya wastani. Hiyo ndiyo ilikuwa mvua ya kuingiza dawa.

Nikaacha makusudi mistari minne katikati ya shamba bila dawa, nilitaka nione kwa macho yangu nisidanganyike. Siku ya tisa nikaenda na kijiti nikachimbua taratibu upande wenye dawa. Pale chini, kabla hata hayajafika juu, nikakuta vichipukizi vya nyasi vimejikunja kama ndoano, vyeupe vimevimba kidogo, jani la kwanza limeshindwa kufunguka. Viko vingi, kila ninapochimbua vipo. Nilikaa pale nimechuchumaa kama robo saa, kwa kweli nilifurahi, unaona kabisa vita inapiganwa chini na wewe umesimama juu. Upande wa mistari minne nyasi zilishatoka kijani zimesimama kama nywele.

Wiki ya nne ile mistari minne ilikuwa msitu, mahindi yake membamba ya njano njano, upande wa dawa mahindi yana bua nene na ardhi inaonekana. Wanaosoma kilimo wanasema hindi linaumia zaidi na magugu kuanzia kama wiki ya pili mpaka ya sita baada ya kutoka, likishapita hapo na kuziba mistari lenyewe linajitetea kwa kivuli. Ndo hizo wiki dawa inazokununulia. Haikununulii msimu mzima, kwangu ilishika wiki tano mpaka sita, kule chini kwenye mteremko ambako maji ya mvua kubwa yalipita ilishika kama tatu tu kwasababu ilisombwa.

Hesabu ya hela niweke wazi kama nilivyoiandika kwenye daftari langu mwaka ule, bei za kwenu mnazijua wenyewe. Palizi ya mkono huku nililipa elfu hamsini kwa heka kwa palizi moja, na zinatakiwa mbili, laki moja. Dawa lita moja na nusu kwa elfu ishirini na tano lita ni 37,500, kijana wa kunisaidia kubeba maji elfu kumi, halafu baadaye nikafanya palizi nyepesi ya kung'oa yaliyopona elfu ishirini na tano. Jumla 72,500. Nimeokoa 27,500 kwa heka, siyo hela ya kutisha. Faida kubwa haiko hapo, iko kwenye vibarua. Palizi ya kwanza inaangukia Desemba, kijiji kizima kinapalilia wiki hiyohiyo, kila mtu anagombania vibarua walewale, ukichelewa kuwapata wiki mbili mahindi yako yameshaliwa nguvu na hata ukija kupalilia yamebaki na udumavu. Na wanangu. Miaka yote likizo ya Desemba watoto wangu wameimalizia shambani na majembe kuliko mimi nilivyopenda, mwaka ule walilala, walicheza, binti akasoma. Kwa mama hilo halina bei.

Sasa kuhusu nyota niliyoinyima.

Ndago. Kama shamba lako lina ndago, ile yenye vijitunguu chini, dawa hii haikufai, nakwambia ukweli. Ndago haioti kwa mbegu, inachipua kutoka kwenye kile kijitunguu chenye akiba yake ya chakula, inapenya tabaka la dawa kama haipo. Sangari na ukoka hivyohivyo, vina mizizi inayotambaa chini. Kibaya zaidi, ukishaua magugu mengine yote umeipa ndago nafasi ya kutanuka bila mpinzani, msimu wa tatu ile kona yangu ya karibu na mgomba ilikuwa ndago tupu. Kule nimerudi kwenye jembe, nachimbua na vile vijitunguu natoa navianika juani. Kongwe nalo, lile jani la kutambaa lenye maua ya bluu, linapungua kidogo lakini linaendelea kuchipuka mpaka dawa imeshaisha nguvu, lisipong'olewa mapema linashika shamba.

Maharage. Huku kwetu mahindi yakianza kukomaa watu tunapachika maharage katikati, Februari mwishoni au Machi, ndiyo mboga na hela ya shule. Atrazini inakaa kwenye udongo muda mrefu. Msimu wa tatu, 2024/25, nilipachika maharage sehemu ndogo kujaribu, sehemu kubwa yalitoka lakini kule mwisho wa mistari ambako huwa nageuka na bomba na dawa inadondokea mara mbili, yalitoka vizuri kabisa, majani mawili ya kwanza yakafunguka, halafu yakaanza njano kwenye kingo, njano ikaingia ndani, wiki ya pili yamekauka kama yamechomwa. Kipande kama cha hatua nane kwa nne hivi hakikubaki mche. Kosa la kwangu, lebo ilisema wazi kuhusu mazao ya kufuatia na mimi nilikuwa nimesoma. Kwahiyo kama wewe ni mtu wa kuchanganya mahindi na maharage shimo moja au mstari kwa mstari, usiguse dawa yenye atrazini kabisa. Kuna zenye S-metolaklori peke yake na kuna pendimethalini, hizo lebo zake nyingi zinaruhusu na maharage, karanga, soya, ila usome lebo ya lile kopo lenyewe, usibahatishe. Alizeti pia na mboga za majani zinachukia atrazini, ukipanga kupanda hizo msimu unaofuata fikiria mapema.

Kitu kingine nilichokiona msimu wa tatu, mbegu zilizopandwa juu juu. Kuna mistari mwanangu alipanda akafukia udongo kidogo sana, kukawa na baridi na mvua mfululizo baada ya kupiga, pale mahindi kadhaa yalitoka yamejikunja, jani limejifunga kama kamba halikufunguka vizuri. Mengi yalipona baada ya wiki mbili, machache yakafa. Hindi linavumilia dawa hii lakini usilitese, panda ndani vizuri, fukia.

Maji sasa, na hapa naomba tuwe makini wote. Atrazini inatembea na maji. Umoja wa Ulaya uliikatalia kibali 2004 kwasababu ilikuwa inaonekana kwenye maji ya chini ya ardhi, Marekani bado wanaitumia kwa wingi kwenye mahindi, na kwetu inauzwa. Mimi nakunywa maji ya kisima, kiko chini ya shamba langu. Kwahiyo nimejiwekea ukanda wa hatua thelathini kutoka kisimani ambao haupigwi kitu, napalilia kwa mkono, na mtoni sisogei na bomba. Nimeona kwa macho yangu vijana wanaoshea bomba mtoni pale pale akina mama wanapochota, jamani, hayo maji tunayanywa sisi wenyewe na wanetu. Bomba oshea shambani, maji ya kuoshea mara tatu yapige hukohuko shambani kwenye mahindi. Makopo matupu suuza mara tatu, toboa, yasirudi nyumbani kuwekewa mafuta ya taa wala maziwa.

Nguo: mikono mirefu, suruali, buti za mpira, glavu za mpira siyo za kitambaa, kitu cha kuziba pua na mdomo, na miwani wakati wa kuchanganya, kwasababu dawa ikiwa haijachanganywa na maji ndiyo kali zaidi. Yenyewe ni nzito kama mtindi, ikikaa kwenye kopo inatuama, usipolitikisa kopo vizuri unaanza na maji maji juu unamaliza na uji chini, bomba la kwanza halina nguvu la mwisho linaunguza. Mimi naichanganya kwanza kwenye ndoo ndogo na maji kidogo mpaka iwe sawa, nachuja, namimina kwenye bomba lililokwishajazwa maji nusu, naongeza maji mpaka lijae. Nikikaa kupumzika nikirudi natikisa tena.

Bomba hilohilo usilipeleke kwenye nyanya wala mboga. Jirani yangu mzee wa watu aliazima bomba la mtu akapiga dawa ya ukungu kwenye nyanya, bomba lilikuwa limepiga dawa ya magugu wiki iliyopita na halikuoshwa, tuta zima lilikwenda. Ukiweza tenga bomba la magugu peke yake, liandike kwa rangi.

Kuna kosa lingine nalisikia kila mwaka. Mtu anachanganya hii na glaifoseti. Glaifoseti inaua kila jani la kijani lililokwisha kuota, pamoja na mahindi yetu haya ya kawaida, na haibaki kwenye udongo kuzuia magugu mapya. Hii ya udongo inazuia yasiyoota na haitakusaidia kwa nyasi ambayo imeshatoka imesimama. Ni vitu viwili. Kuna dada mmoja wa kijiji cha pili alikwenda duka fulani akaomba dawa ya magugu ya mahindi, mahindi yake yana majani manne tayari, akauziwa glaifoseti, akapiga shamba zima juu ya mahindi, heka moja na nusu ikakauka na magugu yake. Alilia yule dada mpaka nikashindwa kula. Kama shamba hulilimi, unapanda bila kulima na nyasi zimeshasimama, hapo ndipo watu wanatumia vyote viwili, glaifoseti ya kuua zilizopo na hii ya kuzuia zinazokuja, lakini yote kabla hindi halijatoka.

Feki zipo, sikatai. Ninachofanya mimi, nanunua kwa muuzaji mwenye duka la kudumu anayetoa risiti, naangalia kizibo kama kimefungwa na muhuri haujaguswa, tarehe ya kuisha, lebo ya Kiswahili, na namba ya usajili. Kwa Tanzania viuatilifu vinasajiliwa na TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yenye makao makuu Arusha, kopo lisilo na namba ya usajili sinunui hata likiwa nusu bei. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya maji sokoni ndiyo kabisa sitaki kuisikia, hujui ni nini, na mtoto anaweza kuinywa.

Ushauri wa bwana shamba ambao naufanyia kazi mwaka huu ni kutopiga kitu kilekile miaka yote. Magugu nayo yanazoea. Marekani magugu yaliyoshindikana na kundi hili la atrazini yalishaonekana tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na atrazini yenyewe ilivumbuliwa 1958 tu, yaani haikuchukua muda. Sisi tukipiga kila mwaka shamba lilelile bila kubadilisha zao wala dawa, tutajikuta tuna mchicha pori usiosikia kitu. Ndiyo maana ile palizi nyepesi ya wiki ya sita siiachi, yale machache yaliyopona nayang'oa kabla hayajatoa mbegu, hata kama yanaonekana hayana madhara.

Kwa nani inafaa basi? Mwenye heka mbili kwenda juu, mahindi matupu, shamba lililolimwa laini, mvua za kueleweka, na anayeweza kusubiri udongo ulowe. Mwenye robo heka nyuma ya nyumba aliyechanganya maharage na maboga, dada yangu palilia kwa mkono, hela yako weka kwenye mbegu bora. Na mwenye kiduha shambani asitegemee hii, kiduha ni gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya hindi na kulinyonya, kinataka mpango wake mwingine.

Novemba hii heka moja naitoa kwenye mahindi naweka maharage tupu, hiyo napiga ya S-metolaklori peke yake, heka moja na nusu inabaki mahindi na dawa ileile. Mistari minne bila dawa naiacha tena, safari hii naiweka kwenye maharage. Bomba limeshaoshwa, nozeli za feni nimenunua mbili, kamba ya mita kumi iko juu ya mlango, nasubiri mvua ilowe vizuri.